Mikono Ishirini na Minne

Mama yangu alijifunza kushona kwa sababu alikuwa haruhusiwi kutoka nje. Ninyi wasichana mnaoshona leo pale mjini Baraka, mliopewa cheti kwa miezi michache na kupigwa picha mkiwa mmekishika kifuani, jambo hili litawashangaza, kwa hiyo naanza nalo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alifariki mimi nikiwa na miaka kama tisa, wakati wa utawala wa Wabelgiji, uhuru ukiwa bado hausikiki hata kwenye maongezi ya watu. Mama, jina lake Mwamini, akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hakuna soko, hakuna kushuka ziwani. Siku ya tatu ya matanga wakaja wadogo wawili wa baba kuchukua cherehani yake. Ilikuwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye kifuniko cha mbao kama sanduku, na ndiyo ilikuwa mali ya maana katika nyumba yetu. Walimkuta mama ameikalia. Simaanishi kwamba alikuwa akiilinda. Alikuwa ameketi juu yake kwa makalio, na nguo zake za eda zimeifunika mpaka chini.

"Shemeji, mashini tunaipeleka," akasema yule mkubwa. "Iko ya marehemu."

"Njo vile, iko ya marehemu," mama akajibu. "Na mi pia niko wa marehemu mpaka eda iishe. Siwezi toka, na mashini haiwezi toka bila miye. Mukuye siku eda inaisha."

Wakatazamana, wakacheka kidogo, wakaondoka. Mjane aliye edani hasukumwi, na wao hawakuwa na haraka. Walijua mama hajawahi kuigusa ile cherehani, maana baba alikuwa hapendi hata watoto tuipumulie.

Mwezi wa kwanza mama hakushona kitu. Alifumua. Alichukua suruali ya baba, kanzu yake, koti lake la kwendea bomani, akafumua mshono mmoja mmoja kwa sindano, akitaka kujua uzi umepita wapi na umerudi wapi. Akimaliza anashona tena. Akishona anafumua tena. Nilimwuliza kwa nini anaharibu nguo za baba.

"Siziharibu," akasema. "Ninamuuliza."

Mwezi wa pili jirani mmoja alimletea gauni lililochanika kwapani. Mwezi wa tatu wakaanza kuja wengine. Mjane hawezi kutoka lakini anaweza kutembelewa, na waliokuja kutoa pole walikuja na vitambaa chini ya kwapa. Eda ilipokwisha, baba zangu wadogo walifika asubuhi na mapema, wakakuta ukumbi mzima umetandazwa nguo za wanawake wa Baraka, moja ikiwa ya mke wa yule mkubwa. Aliinyanyua, nusu imeshonwa, nusu bado. Akauliza itakwisha lini.

"Kesho kutwa," mama akasema, "kama mashini ingali hapa."

Cherehani ilibaki. Mimi ndiye niliyeirithi, na nimeitumia mpaka macho yaliponikataa.

Lazima niwaeleze mama alikuwa mtu wa namna gani, maana hakuna picha. Alikuwa Mbembe wa milimani, upande wa Fizi, alishuka ziwani alipoolewa na kusilimu. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu, mwembamba, na mikono yake ilikuwa mirefu hata kwa urefu wake. Akisimama wima alikuwa karibu ajikune goti bila kuinama. Alikuwa mkaidi, hilo sitalificha, na mtu akimwambia jambo haliwezekani alikuwa anasogeza kiti ili asikilize vizuri sababu. Neno lake lilikuwa "juu ya nini?", yaani kwa nini. Muuza ndagala akisema leo samaki hakuna, mama anauliza juu ya nini. Mwalimu wa chuo cha Kurani akisema mwezi haujaandama, juu ya nini? Siyo kwamba alikuwa mbishi. Alikuwa anataka kujua kweli, na watu wengi hawajazoea kuulizwa na mtu anayetaka jibu.

Kupima, alipima kwa mkono. Mnaujua mkono kama kipimo? Unaanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Wazee wetu wote walipima hivyo, mkeka, kamba ya wavu, nguo. Metere, ule utepe wa kupimia, hakuitaka. Mteja alipokuja hakumzungushia kitu chochote kiunoni, alimwambia tu, "Tembea uende mpaka mulangoni, urudi." Kisha anakata, na nguo inakaa. Niliwahi kumwona akimkatia gauni mwanamke aliyepita tu barabarani akiwa na beseni kichwani, kwa sababu mume wake alitaka kumshangaza.

Vitambaa tulinunua kwa Mzee Ramazani, mwenye duka karibu na ufuo, mtu wa mizaha. Yeye alikuwa na fimbo ya mbao ya metere moja, imechongwa alama na imeng'aa kwa kushikwa. Mama hakuiamini ile fimbo. Kila mara alipima tena juu ya meza kwa mkono wake, na kila mara Mzee Ramazani alilalamika.

"Mama Mwamini, ile haiko mukono, iko kasia."

"Mungu njo alinipatia. Umushitaki yeye."

"Nikiona muntu wa mukono murefu namna hii mu duka, ninaficha sukari."

Basi wanacheka, na mama anaondoka na kitambaa. Lakini kulikuwa na jambo moja kuhusu duka lile ambalo sikulielewa nilipokuwa mdogo. Aliyekuja kununua merikani, kitambaa cheupe cha pamba, kwa ajili ya sanda, Mzee Ramazani aliiweka fimbo chini ya meza na kumsogezea jora. Fimbo ya biashara haikugusa sanda. Mwenye kufiwa alipima mwenyewe, kwa mkono wake, na hakuna aliyemtazama sana. Sijui desturi hiyo aliitoa wapi. Mama alimwuliza, kwa kawaida yake, naye akajibu kwamba baba yake alifanya hivyo.

Nilipofika miaka kumi na tatu hivi, masista wa misioni walifungua chumba cha kufundisha wasichana kushona. Baadhi ya watu wa msikitini walisema mtoto wa Kiislamu haendi kule. Mama alisema nitakwenda.

"Bako na sindano kama siye," aliniambia, "lakini nguo zao zinakaa ingine. Uende, uone vile banafanya, urudi unieleze."

Nilidhani nakwenda shuleni, kumbe nimetumwa upelelezi. Kila alasiri nikirudi ananikalisha mbele yake kabla sijala. Sista alisema nini? Halafu? Uzi aliushika na mkono gani? Juu ya nini? Nisipojua juu ya nini, kesho yake narudishwa nikaulize. Ilifika siku sista akaweka miwani yake mezani na kuniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, kama swali hilo ni langu au ni la mama yangu. Nikasema ni la mama. Tangu siku hiyo alikuwa akinijibu polepole ili niweze kulibeba jibu mpaka nyumbani.

Kitu kilichompendeza mama kuliko vyote ni pensi, ule mkunjo mdogo wa kuchongoka unaoshonwa chini ya titi ili gauni lifuate mwili. Aliifumua pensi ya kwanza niliyomletea, akaishona, akaifumua, akaishona tena, akalivaa gauni. Akajitazama kwa muda mrefu kwenye kioo kidogo cha baba cha kunyolea.

"Kumbe nguo inaweza kujua kama muntu iko na kifua," akasema.

Karatasi za kukatia nguo hakuzipenda. Aliuliza kama karatasi ndiyo itakayovaa. Na metere niliyopewa na sista aliizungusha kwenye vidole vyake, akaisoma namba zote, akanirudishia. "Hii haijue muntu," akasema. "Iko inajua tu urefu." Mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshajua kuhesabu sentimeta, na nilijiona fundi wa kisasa anayeishi na mama wa zamani.

Fundi wa kisasa huyo, mwaka uleule, alikata gauni la mwanamke wa Nundu likawa na mikono miwili ya kushoto. Msicheke, itawapata. Kitambaa chenye uso na mgongo, ukikata mkono mmoja kisha ukakata wa pili kwa kuiga wa kwanza, unapata mapacha wa upande mmoja. Kunja kitambaa, uso utazame uso, kisha kata yote miwili kwa pamoja, hapo hutakosea hata ukiwa na usingizi. Mimi sikukunja. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi, ndipo mama akaliinua gauni mbele ya dirisha. Hakugomba. Alimshonea mteja gauni jingine kwa kitambaa chake mwenyewe, na lile la kwanza akanivisha mimi, akanituma sokoni siku ya soko kubwa, na amri kwamba kila atakayeuliza nimjibu ukweli.

Waliuliza karibu wote. Mkono wa kulia ulikuwa ukivutwa nyuma kana kwamba nataka kujikuna mgongo, na kila nilipomsalimia mtu mzima ilinibidi nigeuke mwili mzima ili nimpe mkono. Nilirudi nyumbani nikilia. Mama alinivua gauni mwenyewe, polepole, akanikaangia ndagala kwa mawese, akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema kukunja kitambaa. "Basi yamekwisha," akasema, na hakulitaja tena maisha yake yote.

Sasa nifike kwenye kazi yake ya pili, ambayo ninyi hamkufundishwa.

Kila alipokufa mwanamke wa Kiislamu pale Baraka, waliitwa watu wawili. Mama Zaina, rafiki wa mama, mfupi, mkali kwa maneno, alikuwa mwoshaji. Mama yangu alichana sanda. Nasema kuchana, sisemi kukata. Makasi yanagusa ukingo tu, kidogo kama kucha, na kinachobaki ni mikono. Nilipokuwa na miaka kumi na sita alianza kunichukua. Alinionyesha kwamba kabla ya kuchana unachomoa uzi mmoja kwenye merikani, unauvuta taratibu mpaka utoke mzima, na pale ulipotoka panabaki njia nyembamba. Ukichana kufuata njia hiyo kitambaa kinakwenda sawa mpaka mwisho. Ukichana kwa haraka kinapinda. Pia alinionyesha kwamba sauti ya sanda ikichanika ndiyo inayowaliza watu, hata waliokuwa wamenyamaza, kwa hiyo kabla hajavuta alikuwa anageuka na kuwaambia wanawake wasome kwa sauti. Mwanamke huzikwa kwa vipande vitano: shuka, kanzu, mtandio, na viwili vikubwa vya kumfunikia mwili wote. Hakuna mshono hata mmoja.

Nilimwuliza kwa nini haishonwi.

"Sijue," akasema. "Nilikuta banafanya vile. Ukijua uniambie."

Mtu mwingine angenipa jibu lolote ili aonekane mkubwa. Mimi nikaenda kumwuliza mwalimu wa chuo, naye akanipa jibu refu, zuri, na nikalibeba mpaka nyumbani kama nilivyozoea kuyabeba ya sista. Mama alilisikiliza lote. "Iko muzuri," akasema. "Lakini yeye hajashona." Akaendelea kulitafuta jibu lake, na nadhani hakulipata.

Wazee wetu wengi walikuwa na sanda zao tayari, zimekunjwa sandukuni. Mama naye alikuwa na yake. Mikono ishirini na minne, alikuwa amejipimia mwenyewe, na alijua mwili wake unahitaji hiyo, si pungufu. Aliwekea karafuu isiliwe na wadudu. Basi masika moja mke wa mchuuzi kutoka Kilembwe alishuka Baraka na mumewe, akaugua, akafia kwenye nyumba ya wageni. Mvua zilikuwa zimezuia mizigo, na kwa Mzee Ramazani hakukuwa na merikani hata kipande. Mama akafungua sanduku lake.

"Mama, na weye?" nikamwuliza.

"Mi bado ninatembea," akasema, akachana.

Alikuwa anatembea kweli, lakini mvua zilipokatika akaanza kukohoa. Kikohozi kikashuka kifuani. Ilipofika kiangazi alikuwa anashona akiwa ameketi kitandani, na mimi nazungusha cherehani. Siku moja mizigo ilipofika akanituma.

"Uende kwa Ramazani, upime merikani. Mikono makumi mbili na ine. Uweke mu sanduku yangu."

Nilikwenda. Mzee Ramazani aliponisikia nataka nini aliiweka fimbo yake chini ya meza, akanisogezea jora. Nikapima, kiwiko mpaka kidole, kiwiko mpaka kidole, nikihesabu kwa sauti ndogo. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona mtu mzima sana. Nakumbuka alinitazama mkono, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaufunga.

Mama aliniuliza nilipofika. "Umepima?"

"Nimepima."

"Makumi mbili na ine?"

"Njo," nikaitikia.

Akaipapasa ile merikani bila kuikunjua, akaniambia niiweke sandukuni. Sasa sikilizeni. Mwanamke huyu alipima upya kila kitu nilichokigusa. Alipima pindo langu, kola yangu, vifungo vyangu. Nilikuwa nimeshaolewa, bado alikuwa ananyanyua kazi yangu kwenye mwanga wa dirisha. Siku hiyo hakukunjua. Kwa miaka mingi nimejiuliza juu ya nini.

Alifariki baada ya sala ya alfajiri, kwa utulivu, akiwa ameshika mkono wangu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye, na nasema hivyo wazi kwa sababu mimi na yeye hatukuzoea kuambiana. Kulipokucha wanaume walikwenda kuchimba kaburi, ikapangwa azikwe kabla ya alasiri. Wanawake wakajaa ndani. Mama Zaina akamwosha, mimi nikimmiminia maji, na alipomaliza akanigeukia.

"Hakuna mwengine wa kuchana," akasema. "Ni weye."

Nilifungua sanduku, nikatandaza merikani mkekani. Nikachomoa uzi, nikawaambia wanawake wasome kwa sauti, nikachana. Shuka ikatoka sawa. Kanzu, sawa. Mtandio. Kipande kikubwa cha kwanza nikakipima na mwili wake, kuanzia juu ya kichwa mpaka kupita nyayo, nikakiachia nafasi ya kufungia, nikachana. Kilichobaki ndicho kilikuwa kiwe kipande cha tano. Nikakitandaza. Kilitoka juu ya kichwa chake kikaishia kifuani.

Nilidhani nimekosea kuchana. Nikavipima tena vipande vyote kwa mkono wangu, kimoja kimoja, mbele ya macho ya wanawake wale. Jumla mikono ishirini na minne, haikupungua hata kidole. Kitambaa kilikuwa kimetimia na mama hakutosha ndani yake. Wanawake wakaacha kusoma. Mmoja akasema Mungu anaangalia nia, vipande vinne vinatosha. Mwingine akasema nichukue shuka jeupe la kitandani, niunganishe na kile kifupi, nishone haraka, cherehani si ipo hapo? Ilikuwepo kweli, hatua tatu kutoka nilipopiga magoti. Na mimi nilikuwa tayari kushona. Nawaambia ukweli wangu, nilikuwa nimeshaanza kutafuta sindano kwa macho, kwa aibu tu, ili watu waache kunitazama. Mama Mwamini aliyewavisha wanawake wote wa Baraka bila kumwacha hata mmoja na pungufu, na mtoto wake anamzika nusu wazi, au na kiraka.

"Wacha," akasema Mama Zaina. Akachutama karibu yangu, akainama mpaka sikioni, akaniita kwa jina. "Riziki. Ulipima na mukono ya nani?"

Nilitazama mkono wangu kana kwamba nimewekewa na mtu. Mimi nilichukua mwili wa baba: mfupi, viganja vidogo. Miaka yote ile niliposikia neno mkono dukani, nyumbani, misibani, haikunijia hata siku moja kuuliza ni wa nani. Mtoto wa mwanamke aliyeuliza kila kitu.

"Na yangu," nikasema.

Nilichomoa uzi mwingine kwenye kile kipande kifupi, mrefu, ukatoka mzima. Nikaunyoosha mkono wa mama juu ya mkeka. Ulikuwa bado haujakakamaa, na ulikuwa na harufu ya karafuu na maji. Nikauweka uzi kwenye kiwiko chake, nikaupeleka mpaka ncha ya kidole cha kati, nikaukata kwa meno. Kisha nikalaza mkono wangu kando ya wake, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyangu vilikoma pale kiganja chake kilipoanza kugawanyika. Kati ya ncha yangu na ncha yake palikuwa na nafasi, nami nikaijaza kwa vidole vya mkono wangu wa pili. Viliingia vinne.

Nilitoka mbio na uzi ule nimeuzungusha kidoleni. Duka lilikuwa limefungwa kwa ajili ya msiba, na Mzee Ramazani alikuwa ameketi na wanaume barazani kwetu. Alinifuata bila kuuliza, akafungua, akatoa jora. Nikampa uzi. Akaunyoosha mezani, akautazama.

"Iko kasia yenyewe," akasema, akafuta uso kwa kofia yake. "Siku ile niliona mukono wako iko mufupi. Lakini mi ni nani niseme mu sanda ya muntu?"

Akapima kwa uzi, yeye mwenyewe, mikono mitano ya mama. Nilirudi, nikachana kipande cha tano, na kilimfunika mpaka kikabaki cha kufungia juu na chini. Wanawake wakaanza kusoma tena. Jua lilikuwa bado halijafika alasiri.

Uzi ulikuwa bado kidoleni mwangu. Nilikuwa nimeshaamua kuuhifadhi. Nilifikiri nitauweka kwenye droo ya cherehani, na kila nitakapotaka kujua mama alikuwa na urefu gani nitautoa. Mama Zaina akanyoosha kiganja.

"Ulete."

"Mama Zaina, huu ni uzi tu."

"Ulitoka mu sanda yake. Iko yake. Ulete, mwanangu."

Nilibisha. Nilikuwa mtoto wa mama yangu, nikauliza juu ya nini. Aliendelea tu kunyoosha kiganja, na machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika. Nikaufungua, nikampa, akaulaza ndani ya sanda kando ya mkono, na wakamfunga.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Mama Zaina na lile swali lililokuwa likinila. Nikamweleza kwamba mama alipima upya kila kazi yangu isipokuwa ile. Je, ilikuwa ni ugonjwa? Alichoka? Mama Zaina alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Mama yako alikuwa anapima kazi ya bantu bengine," akasema. "Wewe alizania uko na mukono yake."

Nilichukua nafasi ya mama, na nimechana sanda za wanawake wa Baraka mpaka nilipostaafu, baadhi yao mama zenu na bibi zenu. Mtakapoitwa ninyi, metere zenu ziacheni nyumbani, na mtu akiwatajia idadi ya mikono mwulizeni kwanza mkono wa nani. Mimi sikuwahi kupima kwa mkono wangu mtupu tena. Nalaza kiwiko, nanyoosha, naongeza vidole vinne, na haijawahi kupungua.